Chai ya Hesabu pale Jenero

Kampuni ile ilikuwa na jina refu la Kiingereza, limeandikwa getini kwa herufi za chuma, lakini mji mzima wa Eldoret uliiita Jenero. Ilitengeneza mablanketi, magunia, ndoo za bati na misumari. Mtu aliweza kuzaliwa akafunikwa blanketi la Jenero, akaogeshwa kwa maji ya ndoo ya Jenero, akala mahindi kutoka gunia la Jenero, na siku yake ikifika akapigiliwa sandukuni kwa misumari ya Jenero. Kitu kimoja tu kiliwashinda kutengeneza miaka ile ya mwisho, nacho ni faida. Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji, na wengi wa wafanyakazi wake walikaa Huruma, kwenye vyumba vya kupanga.

Mmoja wao alikuwa Priscah Jelagat, ambaye kazini aliitwa Mama Jemutai, kwa jina la binti yake. Alitoka kwao Ainabkoi mwaka wa sabini na tisa, baada ya mumewe kwenda Kitale kutafuta shamba na kulipata, pamoja na mke aliyekuwa tayari anaishi humo. Jenero walimwandika kufagia vumbi chini ya mashine za mablanketi. Alifagia huku akikohoa, mpaka siku mpishi wa kantini alipogombana na watu akatupa aproni. Mama Jemutai akaombwa apike chai ya siku hiyo tu. Meneja wa wakati ule alikunywa kikombe, akaomba cha pili, akauliza huyu mama alikuwa amefichwa wapi. Hakuurudia ufagio tena. Alipewa ufunguo wa stoo, kuni za miwati, na sufuria ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kusimama ndani yake.

Sasa, Jenero ilikuwa na siku yake ya hesabu, kila miezi mitatu. Mashine zilizimwa, watu wakakusanywa uwanjani, na meneja akasoma mapato ya robo iliyokwisha na matarajio ya robo inayokuja. Alisoma kwa Kiingereza kwa sababu ya wenye hisa, ambao hawakuwepo. Kisha kwa ajili ya waliokuwepo alifasiri kwa kifupi, kwamba hali ni ngumu kidogo lakini matarajio ni mazuri. Karatasi nne za Kiingereza zilitoa sentensi moja ya Kiswahili, na watu walipiga makofi. Miaka hiyo kila mtu alijua kupiga makofi, tulifundishwa barabarani tangu tukiwa wadogo, tukisubiri misafara ya wakubwa ipite.

Baada ya makofi ililetwa chai, na humo ndimo hesabu zilimokuwa. Mhasibu wa kwanza wa Jenero, mtu mkavu aliyeona hata ukarimu lazima uwe na sababu, aliweka amri kwamba maziwa ya siku hiyo yafuate faida. Robo ikiwa nzuri, Mama Jemutai alipewa maziwa mpaka chai ikawa nzito, ikaja na mkate uliopakwa siagi. Robo ikiwa ya hivi hivi, maziwa yaliingia sufuriani kama mgeni mwenye haraka. Robo ikiwa mbaya ilikuwa strungi, chai nyeusi kavu. Mhasibu alistaafu akarudi kwao, amri yake ikabaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifuta. Wafanyakazi hawakuhitaji Kiingereza cha mtu. Walitazama ndani ya kikombe, wakajua kama wataleta mke mjini au watamrudisha nyumbani.

Mamlaka kama hayo yanampanda mtu kichwani, na Mama Jemutai yalimpanda vizuri sana. Alijifunza kuchelewa kufunua sufuria. Alijifunza kukunja uso akipita kwenye mashine za magunia asubuhi ya hesabu, ili wasichana waulizane, na kutabasamu akirudi, ili waulizane tena. Kanisani Munyaka walimsogezea nafasi kwenye benchi la mbele. Mwenye duka pale Huruma hakuagiza bidhaa za mwezi kabla ya kumwuliza chai ilikuwa ya rangi gani. Ilifika mahali akaanza kusema, "Hii robo nimewapatia nzuri," kana kwamba ndiye aliyesuka mablanketi na kunoa misumari kwa mikono yake.

Mwaka wa themanini na saba mambo yakaanza kuharibika. Ndoo za plastiki ziliingia sokoni, nyepesi na za rangi, na hakuna mama aliyetaka tena kubeba ya bati. Magunia ya nailoni yakafuata. Jenero ikaletewa meneja mpya kutoka Nairobi, Simeon Kipkorir, kijana wa tai nyekundu na shahada ya ng'ambo, mwenye shamba lake la ng'ombe upande wa Ainabkoi. Huyu alikuwa na wimbo mmoja. Kampuni yetu, alisema, imesimama kwa miguu minne: blanketi, gunia, ndoo na msumari. Mguu mmoja ukichoka, mitatu inabeba. Kwenye hesabu zake za kwanza ndoo zilikuwa zimeangushwa na mvua, kwa sababu watu walikinga maji ya paa, na mablanketi yalikuwa yameangushwa na joto. Joto, Eldoret, mwezi wa Juni. Watu waliopiga makofi walikuwa wamevaa makoti.

"Hata ng'ombe ako na miguu minne," alisema Nicanor Wamalwa, fundi wa mashine ya misumari, mtu wa Bungoma mwenye sauti isiyojua kunong'ona. "Na tunamwona akianguka kila siku."

Alipelekwa ofisini akaulizwa anatumwa na nani. Siku hizo mtu akisema paa linavuja hakuulizwa ni wapi, aliulizwa anatumwa na nani. Wamalwa alijibu kwamba anatumwa na tumbo, akaandikiwa onyo. Chai ya siku hiyo ilikuwa strungi, na ya robo iliyofuata strungi, na iliyofuata pia.

Ikaja sasa themanini na nane, mwaka ule wa kupiga kura kwa mlolongo, ambapo watu walisimama nyuma ya wagombea mchana kweupe na bado mstari mfupi ukaweza kushinda. Mwezi wa Septemba, siku chache kabla ya hesabu, Hellen alikuja Huruma kutoka Ainabkoi. Alikuwa mdogo wake Mama Jemutai, mke wa mwalimu, mwanamke wa maneno machache. Aliketi kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na nguo.

"Priscah, ile plot ya kando ya stage imepatikana," alisema. "Mzee mwenye plot anataka mtu wa kuweka hoteli. Nimemwambia hakuna mtu wa kupika chai kukushinda. Amekubali."

Mama Jemutai alikuwa ameiota plot hiyo tangu siku ya ufagio. Alijua hata jiko lingekaa upande gani. Hoteli ya benchi nne, chai na mandazi, madereva wa malori ya mahindi na wakulima wanaotoka mnadani, na jina lake mlangoni, si jina la mtu mwingine kwa herufi za chuma.

"Anataka jibu lini?"

"Jumamosi. Kuna mama mwingine anaitaka, Waceke, yule anauzaga viazi. Huyo yuko ready hata leo."

"Ijumaa ni hesabu," Mama Jemutai alisema. "Nikiacha kazi sai halafu Jenero iinuke tena, nitakuwa nimetupa miaka yangu yote. Marupurupu yangu yote ya kustaafu yataenda. Wacha nione chai kwanza."

Hellen alimtazama. "Utaona chai gani, na ni wewe unaipika?"

"Nitaona maziwa watanipatia. Ikiwa strungi tena, Jumamosi nakuja na sufuria yangu."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na kwa mtu wa Jenero yalikuwa makubaliano ya busara kabisa. Wamalwa mwenyewe, ambaye shemeji yake alikuwa amemtafutia nafasi kwenye kiwanda cha sukari kule Magharibi, alipita kantini siku ya Alhamisi akasema yeye pia anangoja kikombe. Mtu aliyebishana na meneja mbele ya umati hakubishana na sufuria.

Ijumaa asubuhi Mama Jemutai alikuwa anawasha moto wakati Pijo, gari la meneja, iliposimama mlangoni mwa kantini. Simeon Kipkorir alishuka mwenyewe, akafungua buti mwenyewe, na kutoa humo mitungi ya maziwa, mmoja baada ya mwingine, yakiwa bado na joto la ng'ombe. Si maziwa ya pakiti yaliyotoka stoo kwa saini. Yalikuwa maziwa ya shambani kwake. Mama Jemutai alisimama na kijiti cha kiberiti mkononi mpaka kikamchoma kidole.

"Bwana Meneja, hii yote ni ya leo?"

"Yote, Mama Jemutai. Usibakishe. Na mkate unakuja, na siagi."

"Kwani robo ilikuwa nzuri?"

Meneja alipangusa mikono kwa leso nyeupe. Kumbe alikuwa amesikia, sijui kwa nani, habari ya amri ya mhasibu, na wanasema alicheka ofisini mpaka akafunga mlango.

"Watu wanakuamini wewe kuliko mimi," alisema. "Nimeelewa hiyo maneno sasa. Mimi nikisoma, wananiangalia tu. Wewe ukipakua, wanatulia. Nataka leo watulie."

Mtu mwingine yeyote angeishikilia sentensi hiyo kwa mikono miwili. Ilikuwa imesema kila kitu, tena kwa Kiswahili, bila muhtasari. Swali lilikuwa kama robo ilikuwa nzuri, na jibu halikuwa limekaribia hata jirani yake. Lakini Mama Jemutai alisikia maneno ya mwanzo tu. Watu wanakuamini wewe kuliko mimi. Meneja mzima, na shahada, na tai, amebeba mitungi kwa mikono yake kuja kumwambia hivyo. Alijisikia vizuri kuliko siku ya ubatizo wake, na ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Nitawapikia," alisema.

Akapika. Alitia majani wakati wake na tangawizi wakati wake, akayaacha maziwa yapande na kushuka, akayachota kwa kata na kuyamwaga kutoka juu mpaka povu likasimama. Kule nje meneja alikuwa anasoma. Mwenyekiti wa chama tawala wa wilaya alikuwepo kwenye kiti chenye mto, pamoja na wageni wawili waliovaa suti ambao hawakutajwa majina na ambao walizitazama mashine zaidi ya watu. Mguu wa ndoo, alisoma meneja, umepumzika kidogo. Mguu wa gunia unajipanga upya. Mguu wa blanketi unapitia kipindi cha mpito. Mguu wa msumari uko imara. Kwa ujumla kampuni inaingia robo ijayo ikiwa na matarajio ambayo hayajawahi kuonekana. Hapo mwenyekiti wa chama alisimama akasema kwamba wanaoeneza uvumi kuhusu Jenero ni maadui wa maendeleo, na kwamba wanajulikana. Makofi yalipigwa.

Kisha sufuria ikafunuliwa.

Harufu ilifika uwanjani kabla ya vikombe. Ukatokea mnong'ono, halafu kicheko, na mlolongo ukajipanga wenyewe, mrefu, na huu angalau ulihesabiwa ulivyokuwa. Wasichana wa magunia walishikana mabega. Wazee wa mablanketi walichovya mkate wakafumba macho. Mama Jemutai alipakua akiwa amenyoosha mgongo, na kila aliyefika mbele yake alimtazama usoni kwanza, kisha kikombeni, na akaondoka na amani. Wamalwa alifika karibu na mwisho. Alikitazama kikombe kwa muda, akakizungusha.

"Mama, hii ni ukweli?"

Mama Jemutai alikuwa ameiona mitungi. Alikuwa ameona buti la Pijo, na alijua vizuri kwamba sheria ya mhasibu haikusema habari za ng'ombe wa meneja. Angeweza kumwambia hivyo tu, kwamba maziwa haya hayakutoka stoo. Lakini kungekuwa kukubali kwamba chai yake nzuri kuliko zote haikuwa hesabu yoyote, ni kifungua kinywa tu.

"Kwani mimi nimewahi kukudanganya?" alisema.

Wamalwa akanywa. Jioni hiyo alimpelekea shemeji yake habari kwamba nafasi ya sukari apewe mtu mwingine. Jumamosi Mama Jemutai naye alienda Ainabkoi, bila sufuria, akamwambia Hellen kwamba Jenero imeamka. Hellen hakubishana. Alimwuliza tu kama ana uhakika, naye akasema aliona kwa macho yake na kupika kwa mkono wake. Waceke alichukua plot siku hiyo hiyo.

Robo nyingine haikufika. Kabla ya Krismasi watu walienda kazini asubuhi wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo, na karatasi imebandikwa kwa msumari wa Jenero, ule mguu ulio imara. Wale wageni wa suti walikuwa wanunuzi wa mashine. Mashine inayozunguka huuzwa vizuri kuliko iliyonyamaza, na ili izunguke inahitaji watu wa kuizungusha, watu waliotulia. Wafanyakazi wangeondoka mwezi wa Septemba, wanunuzi wangekuta vyuma tu. Marupurupu ya Mama Jemutai, yaliyomfanya aiache plot, yaliingia kwenye faili la mfilisi na mpaka leo bado yamo. Simeon Kipkorir alihamishiwa Nairobi, kwenye cheo cha juu zaidi, kwa kazi nzuri aliyoifanya.

Watu walibaki pale getini mpaka mchana, kwa kuwa hawakujua pa kwenda. Mama Jemutai alisimama pembeni. Alitarajia matusi, na mengine aliyapata. Wasichana wa magunia walimwambia vitu ambavyo kanisani Munyaka havisemwi. Hayo aliyavumilia. Kisha Wamalwa akaja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akazungumza polepole.

"Mama Jemutai, mimi huyo meneja sikumwamini hata siku moja. Na mwenyekiti sikumwamini. Mimi niliamini chai yako."

Alichukua koti lake akaenda zake, na mwezi uliofuata akarudi Bungoma kulima mahindi ya baba yake kwa mikono iliyozoea mashine. Mama Jemutai alirudi chumbani kwake, akalala mchana akiwa na viatu, akalia. Hakulilia kazi. Alilia kwa sababu aliulizwa swali fupi na mtu aliyestahili jibu, akajibu kwa maringo.

Njaa haina heshima, na mwaka mpya ulipoanza alipanda kwenda Ainabkoi kumwomba Waceke kazi. Hoteli ilikuwa na benchi nne, na jiko lilikaa upande ule ule aliokuwa ameuota. Waceke, ambaye alijua viazi lakini chai yake ilikuwa ya kusikitisha, alimpokea vizuri. Hakumdhihaki hata kidogo, jambo lililouma zaidi. Alimpa aproni, na Mama Jemutai akapika pale, chai ile ile kwa kila mtu, nzito, asubuhi na jioni, mvua na jua. Madereva waliisifu. Akiulizwa habari za mahindi au bei au serikali, alisema yeye ni mpishi tu.

Ikapita karibu miaka miwili. Siku moja ya mnada Pijo mpya ilisimama nje, akashuka Simeon Kipkorir, ameongezeka mwili, anaelekea shambani kwake kuona ng'ombe. Aliinama kupita mlangoni, akaketi, akainua macho na kumkuta mpishi wa Jenero amesimama mbele yake na kikombe. Alikuwa amekijaza yeye mwenyewe, kutoka sufuria ile ile iliyowanywesha wote waliokuwa ndani. Povu lilisimama juu yake vizuri.

"Ala, Mama Jemutai," alisema meneja. "Kumbe uko huku. Na biashara inaendaje?"

Mama Jemutai alikiweka kikombe mezani, akakigeuza mkono wake uelekee kwa meneja, kama mgeni wa heshima anavyofanyiwa. Akatabasamu, tabasamu lile la asubuhi za hesabu.

"Hali ni ngumu kidogo, Bwana Meneja," alisema. "Lakini matarajio ni mazuri."

Meneja alimtazama. Akatazama chai, jinsi ilivyokuwa nzito na nzuri. Kila mtu kwenye mabenchi alikuwa anakunywa na kuvuta kamasi kwa utamu. Alikigusa kikombe, akakiacha, akauliza kama kuna soda. Akaambiwa hakuna. Akakaa kidogo akizungumzia mvua, halafu akakumbuka kwamba ana haraka, akaacha noti mezani kubwa kuliko chai yenyewe, akatoka.

Kikombe kilibaki mezani mpaka utando ukaanza kushika juu yake. Hakikuwa na kitu chochote ndani ila chai. Mama Jemutai alivua aproni, akaketi pale alipokuwa ameketi meneja, akakinywa chote, polepole, akimkumbuka Wamalwa. Ilikuwa chai nzuri.